Mianzi ya Kumficha Masuyo

Tokue alikuja kitaluni kwangu, hapa pembeni mwa mji wa Uji, akitaka mianzi mirefu inayoota upesi. Nilipomuuliza ni ya kazi gani, akasema ni ya kumficha jirani yake. Yeye na Masuyo walikuwa marafiki miaka thelathini, kisha wakagombana kwa sababu ya paka.

Nikamwonyesha mianzi ya kichaka, ile inayotulia pale ulipoipanda. Akaiona mifupi. Alitaka ile mirefu, ambayo mizizi yake hutambaa chini kwa chini. Nikamwonya kwamba hiyo haijui mpaka, labda aizungushie plastiki nzito, aifukie kina cha mita moja. Akachimba mwenyewe, na magoti yakamgomea alipofika nusu mita.

Mwaka wa tatu mianzi ilikuwa imefunga kama pazia. Lakini alipochungulia katikati ya mashina, akaona machipukizi yametokeza upande wa Masuyo. Akangoja kugombezwa. Aprili, mwezi wa machipukizi, ikapita kimya. Ikaja Aprili nyingine, kimya vilevile, na kimya kile kikamtesa kuliko matusi. Mwishowe akanunua boksi la vitumbua vya maharage matamu, akaenda kuomba radhi.

Masuyo alifungua mlango akiwa na aproni. Nyumba nzima ilinukia machipukizi yanayochemshwa na pumba za mchele ili uchungu utoke.

“Umechelewa,” akasema. “Mwaka wa pili huu naila bustani yako.”

Tokue akababaika, akasema ataing'oa yote.

“Ung'oe nini, mwenzangu? Mianzi yako ina adabu kukushinda. Yenyewe inakuja kunisalimia.”

Tokue akacheka mpaka akaketi kizingitini. Akapakuliwa wali wa machipukizi. Akasema chumvi imezidi, akaambiwa basi aache, naye akala mabakuli mawili.

Wiki ile ile chipukizi likainua ubao wa sakafu ya stoo ya Masuyo. Hapo wakanijia wote wawili, kila mmoja akinieleza la kufanya. Nilikata mizizi siku nne, nikapanda mianzi ya kichaka, na kwa amri yao nikaacha nafasi ya mtu kupita. Ujira wangu ulikuja na gunia zima la machipukizi. Tumeyala wiki mbili sasa, na mke wangu ameanza kunitazama vibaya.