Manyoya ya Mahameli

Mwalimu wa kwaya alilipeleka joho jipya la mahameli hadi mlangoni pa duka la fundi, penye mwanga. Kifua kilikuwa chekundu kilichokolea. Mikono ilikuwa imefifia kama iliyofuliwa mara mia.

"Nani alikata hili?"

Fundi alikuwa na pini mdomoni. Hakuzitoa. Alinyoosha kidevu kumwelekea wifi yake, aliyekuwa akishona vifungo pembeni.

Ulimi hauna mfupa, lakini siku ile hata ulimi hakuuhitaji. Mwalimu akasema kitambaa cha majoho kumi na moja yaliyobaki hakileti maadamu mkono uliokata lile ungali humo dukani. Wifi mtu alikuwa na kazi hiyo tu, na watoto watatu. Akachomeka sindano yake kwenye kifuko, akaaga kwa adabu kama mgeni.

Kila anayekata nguo anajua: mahameli hukatwa manyoya yote yakiwa yamelala upande mmoja, la sivyo rangi hupishana. Fundi alijua kuliko wote. Ila alipoigeuza karatasi ya kipimo cha mikono kichwa chini, miguu juu, kilibaki kitambaa cha kutosha blauzi ya binti yake. Hakuna aliyemsukuma.

Jioni alikuwa akipinda upindo wa blauzi ile, binti akisoma somo la kanisani.

"Mama, Mungu si alijua watalila lile tunda? Kwa nini asiuzungushie mti ua?"

"Ungezungushiwa ua, wangechagua nini? Soma."

"Na huyu Adamu, kuulizwa tu, kamtaja mkewe." Binti akacheka. "Mwanamume mzima."

Uso wa fundi ukawaka. Akaiweka blauzi chini, akatoka.

Wifi yake alikuwa akifua uani.

"Mimi ndiye niliyegeuza karatasi, wifi."

"Najua. Ncha ya pili ya kitambaa alishika nani?" Akakamua shati. "Nikasema moyoni, atasema sasa hivi. Nimefika hapa nyumbani bado nangoja."

"Nisamehe."

"Mimi sikuuliza nani alikata. Aliyeuliza yuko kanisani, anafundisha."

Fundi alikwenda hivyo hivyo, uzi mwekundu umemnata begani. Nje ya kanisa alisimama. Ndani kwaya ilikuwa ikirudia mstari mmoja uliokataa kunyooka. Angeweza kungoja mazoezi yaishe, watu watawanyike.

Akausukuma mlango. Safu ya mbele ikanyamaza, kisha ya nyuma. Mwalimu alibaki na mkono juu, hajageuka bado.