Rula Hageuki

Tulimwita Rula kwa sababu alinyoosha kila kitu, hata kamba za viatu alizipiga pasi. Chumba chetu cha bweni upande wake ungeona haya kukaa; upande wangu, hata pa kukaa hapakuwepo.

Katika timu ya chuo ya mbio za kupokezana vijiti, mimi nilikuwa mkimbiaji wa tatu, yeye wa mwisho. Anayepokea hubandika kipande cha plasta kwenye njia yake. Mwenzake akikifikia, yeye anachomoka bila kutazama nyuma, na akisikia "shika" ananyoosha mkono. Rula alitazama, kila mara. Alitaka kuhakikisha kwa macho yake, na kasi ikafia hapo.

Kwenye mchujo tuliponea chupuchupu. Jioni hakugusa chakula. Alikaa kitandani akirudia video ya kosa lake mpaka simu ikazima.

"Kesho nikikosea tena, naacha mbio," akasema.

Niliudhika, wala sikumficha. "Kijiti nakuletea mimi, shoga. Mbona unanigeukia kama mwizi?"

"Siyo wewe. Mimi ndiyo sijiamini."

"Basi niamini mimi. Kidole kimoja hakivunji chawa, na wewe unataka kumvunja peke yako, tena kwa madoido. Kesho kosea, ila usigeuke."

Alitabasamu kidogo, akamega mkate.

Siku ya fainali, nilikuwa bado sijaifikia plasta nikamwona Rula kashachomoka. Rula ninayemjua angesimama, angegeuka, na mbio zingeishia pale. Hakugeuka.

"Shika," nikapaza kwa pumzi iliyobaki.

Mkono ukaja umepinda. Kijiti kikamgonga kiganjani, akakidaka kwa ncha za vidole. Sijawahi kuona mapokezano mabaya kama yale. Tulikuwa wa tatu. Akampita mmoja, akampita wa pili mita chache kabla ya mstari, na mimi nikalia mbele za watu bila aibu yoyote.

Baadaye kocha alimpa simu aione video. Aliitazama mara moja tu, akairudisha.

"Mbaya kweli," akasema, akacheka mpaka akashika mbavu. "Chakula kiko wapi?"

Alimaliza sahani mbili. Bwenini alijitupa kitandani na viatu vyake, kamba moja imefunguka, akalala fofofo. Nilimfunika shuka. Lilikaa upande, nikaliacha hivyo hivyo.