Kilo za Mama Mkwe

Mimi ndiye mpima uzito wa uwanja wetu wa ndege, na mizani yangu ilikuwa ya mnada wa ng'ombe kabla haijapandishwa cheo. Ndege yenyewe ni ndogo, ya abiria wanane, na njia yake ya kurukia inaishia kwenye uzio wa ranchi. Mkizidisha uzito, mtaenda kuwasalimia mafahali. Kwa hiyo kila abiria anapanda mizani na mzigo wake, natangaza kilo kwa sauti, rubani anaandika. Miaka sita sijamhurumia mtu. Wanene, wakubwa, maharusi, wote nimewatangaza.

Siku hiyo akaja mama mkwe.

Mke wangu alikuwa hospitali ya mjini, uchungu wa mtoto wetu wa kwanza umeanza, na asubuhi alilia kwenye simu: "Mama aje leo." Barabara ilikatwa na mvua, na ndege nyingine ilikuwa mpaka Ijumaa. Nilimwambia mama kwamba mzigo usizidi kilo kumi. Kwamba na yeye mwenyewe atapimwa, jamani, ningeanzia wapi? Mkwe ni mkwe.

Alifika na kimkoba tu, ila anatembea kwa taabu, na amenenepa ghafla tangu jana. Akapanda mizani. Mshale ukaenda, ukaenda, ukasimama kwenye mia moja na mbili.

"Nafasi imebaki ya kilo themanini na tano," alisema rubani, mwanamke mfupi asiyejua kucheka. "Haya, bwana mizani?"

"Sabini," nikasema.

Rubani akamtazama mama, kisha mimi. "Angani hakuna mkwe. Sema kweli."

Nikisema kweli, mke wangu atajifungua bila mama yake. Nikidanganya, nawatupa wote kwa mafahali. Niliogopa, sifichi. Nikafumba macho.

"Mia moja na mbili! Mama, nisamehe!"

"Kumbe na watu mnapima?" mama akafoka. "Si ungeniambia! Mtu mzima najitesa hivi bure!"

Akajifungia ofisini kwangu. Mlangoni vikaanza kutoka vitu: blanketi mbili, kanga kumi na moja, makopo mawili ya samli aliyokuwa amejifunga kiunoni, na kinu kidogo na mchi wake. Vyote alikuwa amevivaa ili mkoba usizidi kilo kumi! Watu walicheka mpaka mfugaji mmoja akakaa chini. Hata meno ya rubani niliyaona, mara ya kwanza tangu nimfahamu.

Mama akapanda tena. Nikanong'ona kilo zake.

"Paza sauti!" mama akaamuru. "Kwani za wizi?"

"Themanini na mbili!"

Hapo akarudisha kopo moja la samli mkobani, kilo tatu kamili, akapanda ndege kichwa juu. Ikaruka, ikapita juu ya uzio kwa raha zake.

Jioni nikiwa nafagia, simu ikalia.

"Mkwe wangu," mama akasema, na nyuma yake kitoto kinapiga makelele. "Wa kike. Wote wazima. Kilo tatu na nusu, na hizi usizipunguze. Tangaza!"

Uwanja ulikuwa mtupu, isipokuwa ng'ombe watatu waliojilalia kwenye njia ya ndege. Nikapanda mizani, nikawatangazia hao hao.