Nyumba Ambayo Pikipiki Haikuijua

Jumanne asubuhi fundi Kasian alikuwa anachekecha mchanga kwa chekeche la unga la mke wake. Mchanga aliutoa mtoni, akauchanganya na udongo wa kichuguu na majivu kidogo, akaunyunyizia maji mpaka ukashikana ngumini bila kuchafua vidole. Akaujaza kwenye sanduku la mbao, akaushindilia, akachapa ndani yake umbo la kava la klachi alilolichonga kwa mti wa paina. Kava lenyewe lilipasuka wiki iliyotangulia kwenye jiwe la mto, na oili yote ikaenda na maji.

Pikipiki ilikuwa ya zahanati ya Itungula, juu milimani Kilolo. Ilikuwa nyekundu, ndefu, ya kupandia milima, imeletwa na mradi pamoja na maboksi mawili ya vipuri. Maboksi yaliisha mwaka wa pili. Vipuri vya bodaboda vinavyouzwa Iringa mjini havikuingia. Kila kitu chake kilikuwa kikubwa kidogo au kirefu kidogo. Aliyeiendesha ni Faustina, nesi pekee wa zahanati, kwa mabuti ya mvua na begi la kuzalishia mgongoni, kwa sababu njia za kule gari haliziwezi, na mwanamke mwenye uchungu hawezi kuzishuka.

Ndani ya chungu cha chuma, juu ya mkaa, sufuria ya Mama Aroni ilikuwa inayeyuka. Ilianza kulegea mdomoni, ikakaa chini kama mtu aliyechoka, halafu ikawa maji. Mama Aroni alikuwa amekaa kwenye gogo akiangalia. Ilikuwa sufuria ya harusi yake na alitaka kuisindikiza.

"Injini ikinukia maharage yangu, uniletee sahani," alisema.

"Ilikuwa imetoboka, mama."

"Hata mimi nimetoboka, mbona hamniyeyushi?"

Kasian akamimina. Kava lilipopoa akalisugua kwa tupa, akalikatia gasketi kwa karatasi ya mfuko wa saruji, akalifunga. Halikuvuja.

Wiki tatu baadaye, saa nne asubuhi, Faustina alikuwa anachanja watoto. Pikipiki ilikuwa imeegeshwa kando ya tanki la maji, ufunguo ukiwa mfukoni mwake. Ikajiwasha. Faustina alimaliza mtoto aliyekuwa naye, akajaza kadi yake, akavaa mabuti. Injini iligonga kwa namna mpya, polepole, kama mfuniko unaorushwa na maharage yanayochemka. Alipoikalia, ikageuza usukani yenyewe na kupanda njia ya kwa Mama Aroni. Mkamwana wa Mama Aroni alikuwa ameanza uchungu muda si mrefu, na walikuwa bado wanatafuta mtu wa kumtuma. Mtoto alizaliwa mchana, wa kiume, kilo tatu na nusu. Kwenye daftari la zahanati kuna sehemu ya kujaza ni nani aliyeleta taarifa. Faustina aliandika: pikipiki.

Mwezi uliofuata ilimpeleka kwa mzee Rabson, ambaye sufuria yake ilikuwa imegeuzwa sproketi, gurudumu la meno la cheni. Baada ya mara ya tatu watu wa Itungula wakawa wameshaelewa utaratibu, kama wanavyoelewa utaratibu wa mashine ya kusaga. Nyumba ambayo sufuria yake imo ndani ya pikipiki, pikipiki inaisikia.

Wakaanza kuleta sufuria bila kuombwa. Kasian akawa na alumini nyingi kuliko vitu vilivyovunjika, kwa hiyo akabadilisha hata vizima ili kila nyumba ipate nafasi: leva za breki na klachi, vikanyagio, kifuniko cha tanki, stendi, duara la taa. Waliochelewa waligawana, nyumba nne kwenye kava moja la cheni. Kilichobaki cha kiwandani kilikuwa fremu, rimu na namba iliyogongwa shingoni. Mtu aliyezoea aliweza kukaa uani kwake, akaisikia inapita, akasema, leo ni zamu ya kwa Rabson.

Zamani Faustina alikuwa na mzunguko wa Alhamisi. Alipita nyumba kwa nyumba kuwaona wajawazito, awe ameitwa au hajaitwa. Pikipiki ilipoanza kuita yenyewe, aliuacha mzunguko ili kupumzisha tairi, ambazo hazitengenezeki kwa sufuria. Hakuna aliyelalamika. Ilikuwa busara.

Mara moja kwa mwaka alikuja Didas, mkaguzi wa mradi kutoka ofisi ya Mbeya, na fomu yake. Alikuwa kijana mpole aliyeogopa mbwa. Aliizunguka pikipiki akipiga picha.

"Sista, chombo kinatembea?"

"Kinatembea, ila si kwa vipuri vyenu. Kinatembea kwa vyombo vya jikoni. Naomba uandike hivyo."

Didas alimwonyesha karatasi. "Visanduku ni viwili tu. Ndiyo au Hapana. Ukijaza Hapana, wanakihamishia kituo kingine chenye fundi."

"Na nikijaza Ndiyo?"

"Basi vipuri havihitajiki."

Wakati huo pikipiki ikajiwasha. Didas alisogeza kikombe chake cha chai kisitikisike, akaandika kwenye maelezo ya ziada kwamba betri iko vizuri. Faustina aliweka alama kwenye Ndiyo, akachukua begi lake, akaondoka.

Mwezi wa kumi na moja alishuka Anjela. Aliishi juu kabisa, ng'ambo ya shamba la paina, nyumba ya peke yake. Mume wake, Yohane, alikuwa Mufindi anapasua mbao. Mimba yake ilikuwa ya miezi saba. Alikuwa amebeba kitu ndani ya khanga, akakifungua mbele ya Kasian: sufuria moja, ya ukubwa wa kati, safi, isiyo na tundu.

"Kamwene, fundi. Na mimi nimeleta ya kwangu."

Kasian aliigeuza, akaigonga kwa ukucha. "Hii nzima. Unayo nyingine?"

"Nitaazima."

"Kule juu utaazima kwa nani?"

Anjela alicheka. "Kwa ngedere."

"Rudi nayo, dada. Siwezi kuyeyusha sufuria moja ya mtu. Ikitoboka, niletee."

"Fundi, mpaka itoboke huyu atakuwa ameshaanza shule."

"Sista anakujua. Kliniki si unakuja?"

"Nakuja."

"Basi atakuja tu."

Kasian mwenyewe aliifunga ile sufuria kwenye khanga, akamwongezea mahindi sita ya kuchoma. Anjela alisimama kidogo akiiangalia pikipiki, iliyokuwa imefunguliwa kikanyagio. Halafu akapanda kurudi kwake. Jioni Kasian alimsimulia mke wake, Esta, jinsi alivyomrudisha. Alijisikia vizuri. Esta aliendelea kusugua vyombo.

Alhamisi moja ya mwezi wa kwanza mvua ilinyesha tangu alfajiri. Pikipiki ilikaa kimya. Saa tano Kasian alipita zahanati kukaza cheni.

"Leo hatuitwi," Faustina alisema.

"Heri kimya."

Faustina alipata hata muda wa kuiosha pikipiki. Aliisugua kwa brashi, kipande kwa kipande, nyumba kwa nyumba. Saa tisa walikuja wanawake wawili waliokuwa wanaokota kuni kwenye shamba la paina. Walisema Anjela amekaa kwenye mpaka wa shamba, kwenye matope, na hasimami.

Ufunguo uliiwasha. Lakini ilikuwa pikipiki isiyojua inakokwenda. Ilizima kwenye njia panda ya kwanza, ikazima kwenye ya pili. Ilivuta usukani kuelekea kwa Rabson, ambako hakukuwa na mgonjwa, kwa sababu ile ndiyo njia iliyoifahamu. Kipande cha mwisho Faustina aliisukuma.

Anjela alikuwa ameegemea mti. Mtoto alikuwa ameshatoka, msichana, amefungwa ndani ya sweta, analia. Damu ilikuwa imeshuka na maji ya mvua hadi kwenye mfereji. Faustina alifanya yote aliyofundishwa na mengine ambayo hakufundishwa. Anjela alikuwa bado anaongea.

"Nilikuwa naileta," alisema.

Sufuria ilikuwa pembeni yake, ndani ya khanga. Ilikuwa imejaa maji ya mvua. Alifariki kabla hawajamaliza kumlaza vizuri.

Kwenye daftari, sehemu ya aliyeleta taarifa, Faustina aliandika: wanawake wawili. Halafu akafungua kurasa za nyuma, za Alhamisi alizokuwa akizunguka, akazihesabu, akalifunga.

"Ulimrudisha na sufuria yake," Esta alisema usiku wa matanga.

"Nilimwonea huruma."

"Najua."

Yohane alirudi kutoka Mufindi siku ya tatu. Mtoto alikuwa kwa Mama Aroni, ananyonyeshwa na mkamwana wake. Baada ya kuzika, Yohane alifika kwa Kasian na ile sufuria. Hakukaa.

"Iweke," alisema.

"Shemeji, mimi ndiye niliye—"

"Nimeambiwa. Iweke."

Kasian aliiyeyusha siku hiyohiyo. Sufuria nyingine zote ziliacha povu la uchafu juu, la masizi na chumvi za miaka. Hii iliyeyuka safi kama maji ya kunywa. Akaifanya pistoni, kwa sababu pistoni haipumziki pikipiki inapotembea. Alisugua siku nne mpaka ikaingia.

Alhamisi iliyofuata, asubuhi, pikipiki ilijiwasha. Faustina alitoka na begi, lakini haikumsubiri. Ilipanda peke yake, ikapita njia panda zote mbili bila kusita, ikavuka shamba la paina, ikasimama mbele ya mlango wa Anjela, uliokuwa umefungwa kwa kamba. Ilikaa pale injini ikiunguruma mpaka jioni. Halafu ikashuka, ikajiegesha kando ya tanki la maji.

Imekuwa hivyo kila Alhamisi. Watu wakiisikia wanapisha njia na kuvuta mbuzi wao pembeni. Kasian anaijaza petroli Jumatano. Faustina naye ameurudia mzunguko wake wa Alhamisi, kwa miguu, na kwa miguu anafika nusu ya nyumba. Wajawazito wa Itungula wanaomba wasishikwe na uchungu siku hiyo. Wawili wameshikwa. Mmoja aliwahiwa.

Mwaka huu Didas alikuja Alhamisi. Alileta barua yenye mhuri, akaisoma kwa sauti huku amesimama mbali na mbwa wa mlinzi. Barua iliipongeza zahanati kwa utunzaji bora wa chombo. Ilisema kwamba kwa kuwa kituo cha Itungula kimetembea miaka saba bila kuagiza kipuri hata kimoja, mradi umeamua kufuta fungu la vipuri kwa vituo vyote vya milimani, vijifunze kutoka kwake.

"Hongera, sista," Didas alisema, na alimaanisha.

"Tulikuwa tunaagiza kila mwaka," Faustina alisema. "Nakala ninazo."

"Zitakuwa ziliwekwa kwenye faili la Ndiyo."

Alimpa fomu. Faustina aliisoma yote, mbele na nyuma, ingawa ilikuwa ileile. Aliangalia kisanduku cha Hapana kwa muda. Mlangoni walikuwa wamekaa wanawake watano wa kliniki, na mmoja wao alikuwa ametembea kutoka ng'ambo ya shamba la paina. Nyumba mpya ilikuwa imejengwa kule, na sufuria yake ilikuwa haijaletwa.

"Chombo chenyewe kiko wapi, nikipige picha?" Didas aliuliza.

"Kimeenda kwa mgonjwa."

"Peke yake?"

"Huwa kinaenda peke yake."

Didas aliangalia saa yake, akauliza kama kitarudi mapema. Faustina alisema jioni. Basi, alisema Didas, atatumia picha ya mwaka jana. Faustina akaweka alama kwenye Ndiyo, akamrudishia kalamu, akamwita yule mwanamke wa ng'ambo ya shamba.

"Nyumbani kwako," alimuuliza, "kuna sufuria ngapi?"