Mtende Ndani ya Shamba la Mke Mwenza

Itto alikuwa na mtende mmoja tu duniani, na huo mmoja ulisimama katikati ya shamba la mke mwenziwe, Hashuma. Ndivyo marehemu mume wao alivyogawa mali: ardhi kwa mke mdogo, mti kwa mke mkubwa. Wengine husema alikuwa mtu wa haki. Itto husema akili zake zilitangulia kaburini, mwili ukafuata.

Lakini ulikuwa mejhul, aina bora kuliko zote, tende zake nene kama kidole gumba cha mchinjaji. Katika bonde lote la Draa hakuna aliyethubutu kumwita Itto maskini.

Asubuhi hiyo aliinua macho, akaliona. Kuti moja, upande mmoja kijani, upande wa pili mweupe kama unyoya uliolowa.

Bayudi.

Ugonjwa huo hauna dawa. Unakaa udongoni, unapita mzizi kwa mzizi, na maji ya mfereji huubeba kwa jirani. Sheria ya kijiji ni moja: mti ung'olewe, uchomwe papo hapo, handaki lichimbwe kuuzunguka, maji yasipite tena. Itto alitazama huku na huku, akalivuta kuti kwa mundu wa mpini mrefu, akalisokomeza ndani ya mzigo wa majani ya mbuzi.

"Mke mwenzangu! Unanyoa nini huko alfajiri yote hii?"

Hashuma alikuwa nyuma yake.

"Ndevu za mume wetu. Kanijia ndotoni, kasema zinamwasha."

"Mbona mimi haniji?"

"Akujie afanye nini, na unavyokoroma?"

Siku zote Hashuma angejibu mapigo. Leo aliutazama ule mzigo wa majani, akaondoka zake.

Itto akarudi nyumbani na mzigo wake. Alijiambia kwamba mitende itakayofuata kuugua ni ya Hashuma, na wazo hilo, Mungu amsamehe, likamkolea mdomoni kama asali. Halafu likachacha. Mizizi haijui ukewenza. Baada ya Hashuma kuna shamba la wajane, baada ya wajane bonde zima, na zamu ya maji ilikuwa leo adhuhuri.

Akaenda kwa Hashuma, akamkuta mbele ya tanuri la mkate.

"Mtende wangu una kuti jeupe," alisema. "Lile la asubuhi. Waite watu waukate."

Hashuma hakugeuka. Alivuta kuti jingine kutoka chini ya mkeka, akalisukuma motoni. Upande mmoja kijani, upande mmoja mweupe.

"Wangu ni mitatu," alisema.

"Tangu lini?"

"Tangu kabla ya mavuno."

"Na umekuwa ukimwagilia?"

"Ningeacha, ungeniuliza kwa nini. Wewe na mdomo wako."

Itto alimshika mkono, akamwinua.

Walikwenda pamoja kwa Aadi, mgawa maji, wakamkuta mfereji unakogawanyika, jembe mkononi, tayari kuubomoa udongo uliozuia maji. Itto alimweleza yote. Aadi hakuuliza mtende upi.

"Na nyinyi pia?" alisema.

Hapo wakainua macho kuelekea juu ya bonde. Kila shamba lilikuwa na mitende yenye mapengo vileleni, na kwenye mapengo hayo mikato ilikuwa mibichi.

"Usifungue, Aadi," alisema Itto.

"Nisipofungua watanipasua kichwa, bibi. Kila mmoja anaficha lake. Nani atakubali?"

Itto alivua shali, akalitandika juu ya ule udongo, akaketi.

"Anayetaka maji aninyanyue kwanza. Mimi ni mzito, na nauma."

"Sogea," alisema Hashuma, akajibana kando yake. "Siku zote unachukua nafasi yote."

Aadi aliweka jembe chini, akarudi nyuma taratibu, hatua kwa hatua, kama mtu anayeacha nyumba inayoungua. Jua lilifika utosini. Mchanga mkavu wa mfereji ulianza kuwaunguza miguu.

Kisha wanaume waliokuwa wakingoja maji wakatokea mashambani, wengi, majembe mabegani, na hakuna hata mmoja aliyewasalimu.