Mlinzi wa Ngitili

Mwaka 1996, nilipohamia Sola kutoka Burundi, kijiji kilinipa kazi ya kulinda ngitili, malisho yanayofungwa mpaka kiangazi. "Huna ng'ombe, hutapendelea mtu," walisema. Miezi mitano nilifukuza ndama, nikaziba mapengo kwa miiba, nikagombana na wachungaji wao. Nyumbani kwangu hakuja mtu, hata kuomba chumvi.

Siku ya kufungua, majani yalinifika kiunoni. Mayige, mwenyekiti wa kijiji, alisimama langoni akiita kila ng'ombe aliyeingia kwa jina lake, wa kwake na wa jirani, bila kukosea hata mmoja. Kisha akanipungia mkono.

"Asante, mgeni wetu. Na mwakani utulindie."

"Mwenyekiti," nikamwuliza, "mimi naitwa nani?"

Akageuka kuwatazama ng'ombe.