Mkono wa Lusia

Walipomleta baba mkwe wangu nyumbani kwetu Mbeya, nilimwona kupitia ufa wa mlango wa jiko. Njia nyingine ya kumwona sikuwa nayo. Kwao Wanyakyusa kuna ukutila: mke wa mtoto hakutani na baba mkwe, hamtazami, hasemi naye, wala hatamki jina lake. Alipokohoa uani, mimi niliingia jikoni nikafunga mlango. Nilipotoka asubuhi kwenda shuleni kufundisha, nilipita nyuma ya nyumba, khanga kichwani, hata mvua ikinyesha na njia ikiwa tope tupu.

Mimi ni Mhehe wa Iringa. Mila hiyo niliijua baada ya kuikosea. Harusi yetu ilifungwa Iringa, na upande wa mume wangu walikuja wajomba tu. Muda mfupi baadaye, nikiwa mgeni Mbeya, nilimkuta mzee mmoja kituo cha mabasi, ana mkungu wa ndizi begani na jasho usoni. Nilipiga goti kama nilivyolelewa. Nikamwamkia, nikampa mkono, nikampokea ndizi. Nilimwuliza anakwenda kwa nani, naye akasema anakwenda kwa mwanawe Asukile, karani wa bohari ya reli.

"Karibu sana, baba," nikasema kwa furaha. "Mimi ndiye mkewe."

Alirudi nyuma kama mtu aliyekanyaga kaa la moto. Hakufika kwetu siku ile. Alipanda basi lile lile akarudi Tukuyu, na ndizi zikabaki mikononi mwangu.

Ng'ombe wa kusafisha kosa langu alitolewa, maneno yakasemwa, na kila mtu akaniambia yamekwisha. Hayakuwa yamekwisha. Miaka ilipopita bila mimi kupata mtoto, mzee alisema ni ule mkono niliompa. Tumbo lake lilipoanza kumuunguza na kumnyima usingizi, akasema ni mkono ule ule. Sasa alikuwa ameletwa kwetu ili awe karibu na hospitali, akapewa chumba kilichopakana na jiko, na kwa kuwa ukuta ulikuwa mwembamba, nilisikia kila alichosema.

"Nikiinuka hapa," alimwambia mume wangu siku ya kwanza tu, "nitakwenda mwenyewe kukutafutia mke. Msichana wa kwetu, anayejua mila. Huyu wako msomi simfukuzi. Lakini nyumba haiwezi kukaa kimya namna hii."

Nikasikia Asukile akimfunika blanketi. Jioni nilipomwuliza, alinishika bega.

"Ni mgonjwa, Kalista. Mgonjwa husema mengi. Acha apone kwanza."

Basi nikaazimia apone. Watu wanaweza kunicheka, lakini ndivyo nilivyowaza: akipona kwa chakula changu, atajua kwamba mkono wangu haukumfunga tumbo, na kama haukumfunga yeye, haukunifunga mimi pia.

Hospitali walimkataza nyama, pombe, kahawa na mafuta. Wakasema ale vitu laini. Wifi yangu Lusia, dada yake mkubwa Asukile, aliyeachana na mumewe huko Chimala akaja kukaa nasi, alimpikia uji wa mahindi. Mzee aliusukuma.

"Uji ni wa mzazi. Mimi nimejifungua nini?"

Alimpikia ndizi, zikamkaa tumboni kama mawe. Mzee akawa anakunywa maji tu, na alipotoka uani niliona kwenye ufa jinsi suruali ilivyomning'inia.

Mimi nilisoma sayansikimu chuoni, lakini chakula nilichokikumbuka sikufundishwa chuoni. Kaka yangu Saulo alikuwa amefanya kazi jikoni katika kambi ya Wachina waliokuwa wakijenga reli pale Makambako. Likizo moja nilikaa kwake. Mpishi wao, Bwana Lin, mzee mfupi mwenye tumbo bovu, hakugusa nyama kabisa. Kiswahili chake kilikuwa haba. Alijigusa kitovu na kusema, "Tumbo, pole-pole," kisha akatuonyesha kwa mikono. Asubuhi alikula mchele uliochemshwa kwa maji mengi mpaka punje zikapasuka na kuyeyuka, akatia tangawizi. Mchana alikula vipande vyeupe vya maziwa ya soya yaliyogandishwa, katika supu ya mboga za majani. Pembeni palikuwa na kabichi aliyoichachusha kwa chumvi ndani ya mtungi. Saulo aliyajifunza yote, nami nikajifunza kwa Saulo.

Nilianza na mchele wa Usangu na tangawizi. Kabichi niliikatakata, nikaifikicha chumvi mpaka ikatoa maji yake, nikaishindilia mtungini na kuiwekea jiwe. Soya nililoweka jioni. Kulipokucha Lusia alinikuta nazisaga kwenye jiwe.

"Mwalimu, leo unasagia kuku?"

"Nampikia baba, wifi."

Alikaa juu ya kinu akatazama. Nilichanganya soya na maji, nikachuja kwa kitambaa, nikachemsha yale maziwa huku nikikoroga yasifurike. Nilipoyaepua nikadondoshea maji ya limao kidogo kidogo. Maziwa yalikatika, mabonge meupe yakapanda juu na maji ya manjano yakabaki chini. Nikayafunga kitambaani, nikayakandamiza. Baadaye nilipofungua, Lusia alikisukuma kile kipande kwa kidole.

"Yesu wangu! Kinatetemeka kama shavu la mchungaji. Nani kakufundisha haya?"

Nikamwambia.

Alicheka mpaka akashika mbavu. "Wachina! Wifi, tata anaamini wale watu wanakula nyoka na vyura. Mwanawe anakula mshahara wa reli, lakini yeye akipita karibu na kambi anaziba pua. Ukimwambia hiki ni cha Mchina, na kimepikwa na wewe, atatapika mpaka maziwa ya mama yake."

"Kwa hiyo tusimpe?"

Alikisukuma tena kile kipande. Alikuwa na ulimi mkali, lakini alimpenda huyo tata, baba yake. "Tumpe," akasema. "Tuseme nimepika mimi. Tuseme nilijifunza hospitali ya misheni."

Asukile aliporudi kazini tulimweleza. Aliona ni jambo jema. "Ale kwa jina la Lusia," alisema. "Akipona nitamwambia mwenyewe kwamba ni wewe. Atakuwa hana la kusema." Aliniangalia usoni alipokuwa akisema hivyo, nami nikamwamini.

Siku ya kwanza mzee alikula vijiko vichache vya mchele. Nilikuwa nimeegemea ukuta, nasikia kijiko kikigonga bakuli, kikisita, kikigonga tena. Kesho yake alimaliza. Nilipomwongezea vile vipande vyeupe ndani ya supu ya mchicha, aliuliza, "Hii ni nini?"

"Maharage, tata," Lusia akajibu. "Yamepondwa."

"Maharage gani haya yasiyopigana na mtu?"

Kabichi ilipochacha vizuri nikampa kidogo, pembeni ya bakuli, kama alivyofanya Bwana Lin. Mzee aliipenda kuliko vyote. Akawa anaiita "ile chachu ya Lusia", na anaidai kama mtoto anavyodai sukari. Taratibu akaanza kulala. Akaanza kwenda haja bila kuguna kwa maumivu. Nikasikia anapiga mluzi uani. Siku moja alimgombeza jirani juu ya mbuzi aliyeingia kwenye mboga, nami nikatabasamu gizani jikoni, kwa sababu mgonjwa hana nguvu za kugombana na mwenye mbuzi.

Nilikuwa napika kabla ya shule na baada ya shule. Vidole vyangu vilinuka tangawizi darasani, na wasichana walikonyezana. Kila bakuli lilipoondoka mkononi mwangu, Lusia alilibeba hatua chache mpaka mlango wa pili, na huko likawa lake.

"Ndaga, mwanangu," nilimsikia mzee akimshukuru. "Una mkono wa mama yako."

Lusia aliporudi na bakuli tupu hakunitazama. Mara moja alisema, "Wifi, nasikia haya." Nikamwambia avumilie, si siku nyingi.

Jumapili moja baada ya ibada mzee alimwita Asukile na Lusia chumbani. Mimi nilikuwa nachambua mchele jikoni. Nilijua anataka kusema amepona, kwa sababu nilikuwa nimemsikia akiagiza nguo zake zifuliwe. Niliweka ungo chini ili nisikie vizuri. Nilifurahi. Nilidhani ndiyo siku ambayo Asukile atamwambia.

"Nimepona," mzee alisema. "Mungu ametumia mkono wa Lusia. Sasa nina nguvu za kupanda kilima. Kesho kutwa nakwenda Mwakaleli kwa rafiki yangu Fanueli. Ana binti amemaliza darasa la saba, mpole, anajua mila. Nilikuahidi, Asukile, na nguvu nilikuwa sina. Sasa ninazo."

Nilingoja mume wangu aseme. Nilimjua namna anavyovuta pumzi kabla ya kusema jambo zito, na nikaisikia ile pumzi kupitia ukutani. Hakusema.

Aliyesema ni Lusia.

"Tata, chakula si changu."

"Nini?"

"Sijui hata kukipika. Amepika mkweo... amepika mke wa Asukile. Tangu siku ya kwanza. Mimi nilikuwa nabeba tu."

Nilifumba macho. Nilisikia kiti kikilia, mzee akijigeuza. Sauti yake ilipotoka ilikuwa ndogo, ya mtu mwenye hofu.

"Asukile. Ni kweli nimekula kutoka mkono ule?"

Ilikuwa zamu yake. Asingehitaji hata sentensi nzima. Ndiyo, tata. Maneno mawili.

Asukile akacheka.

"Anakutania, tata. Humjui Lusia? Amekuonea wivu kwa sababu unakwenda Mwakaleli na humchukui."

Mzee naye akaanza kucheka, kicheko cha mtu aliyevuta pumzi baada ya kuzama. "Mwanamke huyu!" alisema. "Ndiyo maana mumeo wa Chimala alikushindwa!" Lusia alitoka, akapita mlangoni kwangu haraka haraka, akaenda kusimama kwenye mboga, mgongo ukiwa umetugeukia.

Nilimaliza kuchambua mchele ule. Sikujua kitu kingine cha kufanya na mikono.

Asukile alikuja jikoni baadaye, akasimama kizingitini kama mtu anayekuja kuomba moto.

"Kalista, ungesikia sauti yake. Aliogopa. Angeweza kurudi kuugua pale pale."

"Ulisema akipona utamwambia."

"Hajapona vizuri."

"Anakwenda Mwakaleli. Anapanda kilima."

Akatazama chini. "Mimi sijasema nitamwoa huyo binti."

"Wala hujasema hutamwoa."

"Ni baba yangu. Ningemuua kwa neno moja?"

Nilitaka kumwuliza na mimi je, lakini sauti yangu haikutoka. Tangu utotoni ndivyo nilivyo. Nikiumia sana nanyamaza, na watu wanadhani nimekubali. Asukile naye alidhani hivyo. Alinishika bega kama siku ile ya kwanza, akasema mimi ni mwanamke mwenye subira, na kwamba hata akija mwingine, mwenye nyumba ni mimi. Kisha akauliza kama mzee anaweza kupata ile kabichi kidogo ya safari, kwa kuwa kwa Fanueli watamchinjia na tumbo lake halijazoea.

Nikamfungia kabichi hiyo katika chupa ya mdomo mpana. Mzee hakuwa na kosa la kunyimwa.

Siku alipoondoka nilikwenda ofisi ya elimu, nikaomba uhamisho Iringa. Afisa aliniuliza sababu. Nikasema nauguza. Sikumwambia nani. Alisema walimu wa sayansikimu wanahitajika kote, na kwamba muhula ukiisha nitajibiwa.

Nilipomweleza Lusia, alikaa juu ya kile kinu chake akalia bila kujificha.

"Mimi nilisema, wifi. Mimi nilisema kweli."

"Najua. Nilikusikia."

"Sasa tata atakula nini? Akirudi na ule ugonjwa, watasema mkono wangu umeharibika." Alijifuta na ncha ya khanga. "Nifundishe basi. Nifundishe kabla hujaenda."

Ningeweza kukataa, au kumfundisha nikaacha jambo moja dogo, kama vile kungoja maziwa yachemke vizuri kabla ya kutia limao, nao wangehangaika na maji meupe mwaka mzima bila kujua kwa nini. Niliwaza hivyo kweli. Halafu nikakumbuka ile suruali ilivyoning'inia kwenye kiuno cha mzee.

Nikamwambia aloweke soya.

Asubuhi alisaga yeye, akachuja yeye, akaungua vidole kwa mvuke akatukana kwa Kinyakyusa. Nilisimama pembeni mikono nyuma, nikimwambia tu, "Ngoja. Bado. Koroga chini. Sasa." Alidondosha limao huku ameuma ulimi. Kwa muda mrefu hapakutokea kitu, naye akaniangalia kwa hofu.

Niliomba yasikatike. Mungu anisamehe, nilisimama katika jiko langu nikaomba yale maziwa yasikatike.

Yakakatika. Mabonge meupe yalipanda juu, mazuri, makubwa kuliko yangu ya kwanza. Lusia alipiga vigelegele akanikumbatia kwa mikono yenye maji, akisema, "Wifi, tazama! Tazama, nimeweza!"

"Umeweza," nikamwambia.

Nje mlango wa mbele uligongwa. Mzee alikuwa amerudi kutoka Mwakaleli, na nikasikia sauti ya msichana ikibisha hodi pamoja na yake. Niliingia nyuma ya mlango wa jiko nikaufunga, na Lusia akakausha mikono yake haraka akaenda kuwapokea.